Uzamivu wa Takwimu Huanza na Hisabati

  

Wasikilizaji wa Tabora, leo nazungumza na kijana aliyeko mwaka wa kwanza au wa pili chuo kikuu. Nazungumza pia na yule wa kidato cha sita, awe Milambo, Tabora Boys au Tabora Girls, anayewaza fomu za vyuo. Na mzazi wake namtaka karibu, kwa hiyo mzee usiondoke, zamu yako inakuja. Swali letu ni moja. Kijana anayetamani siku moja kusoma shahada ya uzamivu ya takwimu, ile inayomfanya mtu aitwe daktari bila kushika sindano, ajiandae vipi angali shahada ya kwanza?

Jibu nalitoa mapema, maana umeme wetu mnaujua. Asome hisabati. Asianze na programu za kompyuta wala vyeti vya semina. Asome hisabati, tena ile ya kuthibitisha, ambayo mwalimu akishapata jibu bado anauliza: umejuaje? Hilo nitalirudia mpaka mlichoke.

Tuanzie hapahapa kwetu. Novemba mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliingia Kazeh, ndiyo Tabora yetu hii, wakiwa na msafara uliotoka pwani. Sidi Mubarak Bombay, msaidizi wao Mwafrika, alikuwa pamoja nao, na bila watu kama yeye wasingefika popote, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Leo nataka kipimajoto cha Speke. Maji yanachemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyokuwa juu kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo ukichemsha maji na kusoma kipimajoto vizuri, unaweza kukadiria uko juu kiasi gani. Speke alifanya hivyo kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1858. Waliporudi Kazeh, Burton akabaki hapa, na Julai mwaka huohuo Speke akaelekea kaskazini mpaka akaliona ziwa Nyanza, yaani Victoria. Akachemsha maji tena.

Sasa sikilizeni. Kule Nyanza kipimo chake kilikaribia sana ukweli tunaoujua leo. Kule Tanganyika kilikosea, kikawa pungufu kwa kiasi cha mita 200. Mtu yuleyule, safari ileile, mbinu ileile ya kuchemsha maji. Kimoja sawa, kingine kimepotoka vibaya.

Jiweke London, mwaka 1859. Umeletewa namba mbili kwenye karatasi. Ziwa hujaliona wala hutaliona. Utajuaje ni namba ipi ya kuamini, na uiamini kwa kiasi gani?

Kazi ya mtakwimu ndiyo hiyo. Kukokotoa siku hizi simu ya mfukoni inakokotoa. Anayetafutwa kwenye uzamivu ni mtu wa kusema: namba hii huenda imekosea kwa kiasi hiki, si zaidi, na sababu ninazo, njoo nikuonyeshe hatua kwa hatua. Na wa kuonyesha hatua kwa hatua lazima awe amezoea kuthibitisha.

Hapo London, kwenye chama cha wanajiografia kilichowatuma Burton na Speke, palikuwa na mjumbe aliyeitwa Francis Galton. Agosti 1872, msafiri Stanley aliposimama mji wa Brighton kusimulia safari yake ya Ujiji, mwenyekiti wa kikao alikuwa Galton. Mwaka 1886 Galton huyohuyo akachapisha makala kuhusu vimo vya wazazi na watoto wao, na hapo ndipo somo letu lilipopata rigresheni, ambayo leo hakuna mwanafunzi wa takwimu anayemaliza chuo bila kuifanya. Alikuwa pia mwanzilishi wa ile imani mbovu ya kuchagua binadamu wa kuzaa na wa kutozaa kwa kisingizio cha damu bora. Wanafunzi wasifichwe hilo. Fomula zake tunazitumia, dharau yake tumwachie mwenyewe.

Lakini msidhani takwimu ilitengenezwa Ulaya tu, sisi tukapokea. Nawaletea mfano wa jirani zetu Shinyanga, na hapa nitakaa kidogo.

Mbung'o mnawajua. Wazee wanakumbuka malale, na wanakumbuka vijiji vilivyohamishwa kwa sababu yake. Miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikuwa na idara ya utafiti wa mbung'o, kituo chake Shinyanga. Mtafiti mmoja wa hapo, C. H. N. Jackson, alikuwa na swali rahisi kulitamka: katika pori hili kuna mbung'o wangapi? Utawahesabuje? Huwezi kuwapanga foleni.

Walichofanya ni hiki. Wasaidizi wa Kiafrika walizunguka porini na nyavu, wakiwanasa mbung'o waliowafuata. Kila mbung'o akatiwa nukta ya rangi mgongoni, kisha akaachiwa. Baadaye wakarudi kunasa tena, wakaangalia ni wangapi kati ya walionaswa wana rangi.

Tuseme umenasa 100, ukawatia rangi, ukawaachia. Safari ya pili umenasa 100 na kati yao 10 wana rangi. Yaani katika kila kumi mmoja ana rangi. Wenye rangi wote porini ni 100. Basi pori zima lina kama mbung'o 1,000. Mtoto wa darasa la sita anaweza hesabu hii. Sasa uzamivu uko wapi?

Ngoja tuulize. Vipi kama baadhi ya wale wenye rangi wamekufa kabla hujarudi? Vipi kama wapya wamezaliwa? Vipi kama wengine wamehamia pori la ng'ambo? Vipi kama mbung'o aliyenaswa mara moja ametiwa kiwewe na safari ya pili hakukaribii? Na mbung'o aliyeshiba hana haja na wewe, kwa hiyo unawanasa wenye njaa na kuwasemea wote. Kila swali kati ya haya linaisogeza ile 1,000 yako, lingine juu, lingine chini. Kwa kiasi gani? Jackson aliandika makala juu ya makala kwa miaka mingi kujibu maswali ya namna hii, yakasomwa na watakwimu wakubwa wa wakati ule, na mbinu za kutia alama na kunasa tena zikaendelea kukua baada yake. Leo nchi nyingi zinapohakiki sensa ya watu zinatumia fikra hiyohiyo: anahesabiwa mtu mara ya kwanza, kisha wanapita watu wengine kwenye maeneo machache, wanaangalia ni wangapi walikwishahesabiwa.

Kwa hiyo nikiulizwa hisabati ya nini, najibu: ya maswali yale ya vipi kama. Huwezi kuyajibu kwa kubonyeza kitufe. Lazima uandike uwezekano wa kila jambo, uunganishe, kisha uthibitishe kwamba kadirio lako halielemei upande mmoja, au likielemea, linaelemea kiasi gani.

Sasa twende kwenye masomo yenyewe. Kijana, kama una kalamu, iandae.

Ulioko sekondari: uwe umesoma hisabati ya juu, kwa PCM au EGM au mchepuo mwingine wenye hisabati kamili. BAM, ile hisabati nyepesi ya nyongeza, ina manufaa yake, lakini kwa safari hii itakuacha njiani. Ulioko mwaka wa kwanza: kalkulasi na aljebra usizisome kwa madesa ya waliotangulia. Kaa na daftari, fanya maswali yote ya mwisho wa sura, hata yasiyotolewa kwenye mtihani. Mwaka wa kwanza wengi wanapumzika, wanafurahia bumu, wakisema tutakaza mwaka wa tatu. Lakini GPA inakusanywa tangu siku ya kwanza, na sapu ya mwaka wa kwanza itasomwa na mgeni wa mbali asiyejua kwamba mwaka huo ulikuwa na sababu zako.

Mwaka wa pili ndio wenye uzito. Hapo unataka vitu vitatu. Aljebra ya matriksi, maana data yoyote kubwa ni matriksi. Nadharia ya uwezekano, na nasisitiza nadharia, kwa sababu kurusha sarafu na dadu ulimaliza sekondari. Cha tatu ni lile somo linalokimbiwa, analisisi.

Kwa nini linakimbiwa? Kwa sababu linauliza maswali yanayoonekana ya kitoto. Namba zinaposemwa zinakaribia kitu fulani, kukaribia maana yake nini hasa? Mwanafunzi anacheka: kukaribia ni kukaribia, mwalimu! Haya. Lakini ahadi kubwa kuliko zote katika takwimu inasema sampuli ikizidi kukua, wastani wake unaukaribia wastani wa kweli. Ukiwa hujui kukaribia maana yake nini, ahadi hiyo unaikariri tu kama kasuku. Na siku itakapovunjika, maana kuna mazingira inavunjika, hutaona.

Programu nyingi za shahada ya takwimu zinaliweka somo hili kuwa la hiari, au halimo kabisa, liko idara ya hisabati. Shahada za takwimu rasmi, kama inayotolewa na kile chuo cha takwimu cha Afrika Mashariki pale Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1965, zimekusudia kuandaa watu wa ofisi za takwimu za nchi zetu, na kazi hiyo ni ya heshima. Anayetaka uzamivu anahitaji nyongeza. Afanyeje? Aende idara ya hisabati, abishe hodi, aseme: shikamoo mwalimu, naomba kuhudhuria darasa lako la analisisi, hata kama halitahesabiwa kwenye alama zangu. Walimu wengi wa hisabati hawajaombwa hivyo kwa miaka. Watakuangalia mara mbili, kisha watakukaribisha.

Na programu za kompyuta je? Jifunze, sikukatazi. R ni ya bure, Python ni ya bure, maabara ya chuo ina kompyuta hata kama wewe huna. Lakini programu utajifunza mahali popote, hata ukiwa kazini, hata ukiwa na watoto wawili na shamba la tumbaku. Analisisi ukiikosa chuoni, nani atakupa miezi sita ya kukaa na daftari? Ndiyo maana nasema, na hii ni mara ya tatu: hisabati kwanza.

Kuna mtu wa kumtaja hapa, Profesa Karim Hirji, Mtanzania, ambaye ameandika mwenyewe vitabu juu ya maisha yake, kwa hiyo simtoboi siri. Alisoma hisabati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na akaifundisha hapohapo. Alikuwa kijana wa siasa pia, mmoja wa wahariri wa lile jarida la wanafunzi, Cheche, lililopigwa marufuku mwaka 1970. Katikati ya miaka hiyo ya 70 akajikuta amepelekwa Sumbawanga kuwa ofisa mipango. Sumbawanga ya wakati ule, wasikilizaji! Mtu mwingine angesema safari ya usomi imeishia hapo. Miaka ya 1980 akapata uzamivu wa takwimu za tiba Harvard, kisha akaja kuwa profesa Muhimbili.

Alishughulika na nini? Na namba ndogo. Fomula nyingi za takwimu zinafanya kazi vizuri sampuli ikiwa kubwa. Lakini chukua zahanati ya kijiji huko Kaliua, imepata wagonjwa 12 wa ugonjwa fulani, watano walipewa dawa mpya, saba ya zamani. Namba 12 ni ndogo mno kwa zile fomula za kukadiria. Zitakupa jibu, tena lenye desimali nne, na jibu linaweza kuwa la uongo. Mwaka 1987, yeye pamoja na Cyrus Mehta na Nitin Patel, walichapisha njia ya kufanya hesabu hiyo kwa usahihi kamili, bila kukadiria, kwa kupitia mipangilio yote inayowezekana kwa ujanja ambao kompyuta ya wakati ule iliumudu. Baadaye akaandika kitabu kizima juu ya uchambuzi wa aina hiyo. Huyu alitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na hisabati, hakutoka na programu. Programu zilikuja kuandikwa kutokana na kazi kama yake.

Nina neno kuhusu barua, na hili vijana hawalitilii maanani mpaka siku saba kabla ya mwisho. Maombi ya uzamivu Marekani, kwa mfano, kwa kawaida yanataka barua za walimu watatu wanaokufahamu. Kukufahamu maana yake nini? Mwalimu ana darasa la watu 300. Ukimwendea baada ya kuhitimu, atafungua orodha ya matokeo na kuandika kwamba ulipata A, una tabia njema. Barua kama hiyo haibebi kitu, maana A ipo tayari kwenye karatasi ya matokeo. Barua nzito inasema: alikuja ofisini kwangu na swali ambalo sikuwa na jibu lake, akarudi baada ya wiki mbili na nusu ya jibu. Ili mwalimu aandike hivyo, lazima uwe ulikwenda kweli. Nenda na daftari, onyesha ulipofika na ulipokwama. Usiende na "sijaelewa mada yote".

Kwenye mafunzo ya vitendo usikubali kukaa miezi miwili ukitoa fotokopi. Omba data chafu. Huku kwetu haikosekani: vitabu vya zahanati, madaftari ya vyama vya ushirika (AMCOS) ya mauzo na madaraja ya tumbaku, kumbukumbu za mvua shuleni. Mtafute aliyeandika namba zile umuulize aliziandikaje. Wakati wa misafara nguo ziliuzwa kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na mkono wa mtu mrefu si mkono wa mtu mfupi. Kila data ina mkono wa mtu ndani yake.

Njia za kufika nazitaja haraka. Marekani unaweza kuingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, na vyuo vingi vinakulipia ada pamoja na posho ya kuishi, nawe unasaidia kufundisha au kutafiti. Maombi mengi yanafungwa kati ya Desemba na Januari, kwa masomo ya mwaka unaofuata. Ada ya maombi ikiwa nzito, andika uombe usamehewe, baadhi wanakubali. Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya kwa kawaida wanataka kwanza shahada ya uzamili, na huko inafaa kumwandikia profesa mapema, ukiwa umesoma kazi zake kweli. Kwa uzamili wenyewe ziko taasisi za hisabati za AIMS, zilizoanza Afrika Kusini mwaka 2003 na zenye kituo Kigali, ambako wanaochaguliwa wanafadhiliwa. Kuna Makerere, kuna Dar es Salaam, kuna Dodoma. Chuo kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, kimesomesha watakwimu wengi wa Afrika Mashariki.

Sasa mzee wangu, na mama yangu, zamu yenu. Najua swali lenu. Mtoto amemaliza miaka mitatu, wadogo zake wanasubiri, na yeye anataka kusoma tena mitano? Ni swali la haki, na kijana asilijibu kwa kununa. Mweleze mzazi kwamba uzamivu wenye ufadhili hauombwi ada nyumbani, na posho yake, ingawa si utajiri, wapo waliojinyima wakawalipia wadogo zao shule kwa hiyo. Mweleze pia bila kumficha kwamba ufadhili hauna uhakika, kwamba unaweza kuomba ukakosa mwaka wa kwanza, na mwaka huo utafanya kazi. Wazazi wetu wanavumilia mengi wakielezwa. Na kwa binti nasema waziwazi: usikubali kuambiwa hisabati hizi zitakuchelewesha kuolewa. Anayesema hivyo hajaombwa kukufanyia mtihani.

Dakika zangu zinaisha, kwa hiyo nawapa kazi ya nyumbani, wazazi na watoto pamoja. Chukueni maharage, bakuli moja, msiyahesabu. Toa 50, yatie alama ya kalamu, yarudishe, changanya vizuri. Fumba macho, chota 50, hesabu yenye alama. Hamsini mara hamsini, gawanya kwa idadi hiyo, na hilo ndilo kadirio lako la maharage yote. Yakiwa matano yenye alama, bakuli lina kama 500. Andika. Rudisha, changanya, chota tena, mara kumi. Utaona majibu yanatawanyika, mara 300 na kitu, mara 600 na zaidi, na bakuli ni lilelile. Pima yametawanyika kiasi gani, halafu rudia ukiwa umetia alama 100 badala ya 50 (sasa unazidisha 100 mara 50), uone kinachobadilika.

Na wewe wa mwaka wa pili, ambaye maharage unayaona mepesi, nakuachia hili mpaka wiki ijayo, saa hizihizi. Umechota 50, na hakuna hata harage moja lenye alama. Kugawanya kwa sifuri haiwezekani. Utasema bakuli lina maharage mangapi, na utamthibitishiaje mwenzako asiyekuamini?